Televisheni Nilizozitia Buluu

Nimestaafu miezi mitatu sasa, na tayari nimefungua redio ya jirani mara mbili bila yeye kuniomba. Mara ya kwanza ilikuwa na kasoro. Mara ya pili haikuwa nayo, mpaka nilipoifungua. Mume wangu ananiambia niketi, nipumzike, ninywe chai. Chai nimekunywa. Nikiimaliza nasimama, naenda dirishani, narudi, nagusa waya wa antena, naketi tena. Mikono iliyoshika bisibisi miaka thelathini na moja haijui likizo ni kitu gani.

Nawaandikia ninyi mafundi vijana wa Rongo, Uriri, Migori na Homa Bay. Naandika Kiswahili kwa sababu baadhi yenu ni Wajaluo kama mimi na wengine ni Wakuria kama yule aliyenifundisha, na Sheng yenu mimi siipati. Sitawaeleza nilipanda vipi kazini. Fundi wa benchi hapandi, anainama tu. Nataka kuwaambia habari ya rangi nyeupe, maana kuna kazi nimewaachia ambayo haiwezi kungoja, na nisipoisema leo usingizi wenyewe sitaupata.

Kazi hii niliingia kwa sababu ya pasi. Niliipeleka kwa Bwana Marwa, fundi aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Rongo, nikamkuta anahangaika na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa. Virekebishi vya rangi vilikuwa nyuma na picha ilikuwa mbele, kwa hiyo anazungusha kidogo, anakimbia mbele kutazama, anarudi nyuma, anakuta amesahau alichokiona. Kulikuwa na kioo cha kujitazamia ukutani. Nikakitoa, nikakishika mbele ya televisheni ili aione picha akiwa nyuma.

"Nani alikufundisha hiyo?" akaniuliza.

"Hakuna mtu. Nimechoka tu kukuona ukikimbia."

"Basi, binti, usiongee. Shika kioo."

Nilikishika mpaka mchana. Pasi ilisahauliwa. Kesho yake niliirudia, nikapewa kioo tena, na hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Ile pasi, kusema kweli, haikutengenezwa kamwe.

Bwana Marwa hakujua Kijaluo nami sikujua Kikuria, basi Kiswahili chetu kilikuwa cha kazi tu: lete, toa, pole, umeunguza. Lakini jambo moja alilisema kwa ukamilifu, na alilirudia mpaka likanichosha. Kabla ya kumrudishia mtu televisheni, alichana ukurasa wa daftari usio na mistari, akatafuta picha yenye kitu cheupe, shati au mawingu au goli la mpira, kisha akaushika ukurasa kando ya kioo cha televisheni, karibu na dirisha. Kama weupe wa televisheni haufanani na weupe wa karatasi, hiyo televisheni haiendi nyumbani. "Jicho linazoea," alisema. "Karatasi haizoei."

Nilidhani ni uzee. Mimi nilikuwa na macho ya kutambua nyuzi za waya kwa rangi hata kibanda kikiwa na giza, na niliona aibu kidogo kusimama mbele ya mteja na karatasi kama mtoto anayeomba penseli.

Kesi ngumu za siku zile zilikuwa za kufurahisha. Mchungaji mmoja wa Uriri alileta televisheni yenye kona ya kijani. Alikuwa ameiombea wiki mbili. Ilipofika kwetu kona ikapona baada ya kuwasha na kuzima mara chache, tukamrudishia, na nyumbani kijani kikarudi kesho yake. Akaanza kusema kuna kitu katika kibanda chetu ambacho kinaogopa nyumba yake, au kinyume chake. Nilipanda baiskeli mpaka kwake. Spika kubwa la kanisa lilikuwa limewekwa bega kwa bega na televisheni, na sumaku yake ndiyo iliyokuwa ikivuta rangi. Nikalisogeza hatua tatu. Mchungaji alishukuru Mungu kwa sauti na mimi kwa kichwa tu, lakini niliridhika.

Kisha zikaja hizi televisheni bapa. Mwanzoni zilikuwa za wenye uwezo, baadaye kila duka la Rongo likawa nazo, majina ambayo hata msajili wa watoto hajawahi kuyasikia. Mafundi wengi walinung'unika. Mimi nawaambia, televisheni ya bei nafuu si mbaya kama inavyotoka dukani. Inatoka dukani imepakwa. Wameiweka katika hali ya kushindana na zilizo kando yake rafuni: mwangaza hadi mwisho, rangi hadi mwisho, ukali wa picha hadi kila nywele inazungukwa na mstari mweupe. Ukiifikisha nyumbani, kwanza itoe katika hali hiyo ya dukani. Punguza ukali karibu na sifuri, maana ukali ule hauongezi kitu, unachora tu kingo za uongo. Shusha mwangaza mpaka suti nyeusi ya mtangazaji iwe nyeusi, lakini ukosi wake bado uonekane. Usiitazamishe dirisha. Na kagua kiungo cha antena kabla ya kulaumu kiwanda. Nusu ya televisheni "mbovu" nilizoletewa zilikuwa na kutu kwenye waya.

Mwisho kabisa ni rangi ya nyeupe. Kwenye menyu kuna ya baridi na ya joto. Ya baridi inaelekea buluu, ya joto inaelekea manjano, na karibu kila televisheni rahisi huja na ya baridi. Nikiiweka ya joto wateja walinirudia wakilalamika kwamba picha imechafuka. Niliwaelewa. Huku kwetu nguo nyeupe za Sabato husuuzwa kwa maji yenye buluu ya kufulia, na shati lisilo na kivuli cha buluu watu huliona halikufuliwa. Tumelelewa kuamini kwamba buluu ni usafi. Kwa hiyo nilibishana nao, nikawaonyesha karatasi, wakakubali shingo upande.

Bwana Marwa alipofariki, nilibaki na kibanda, kioo chake na karatasi yake ya mwisho, ambayo niliiweka kwenye droo. Wateja walikuwa wengi na mimi sina subira. Siku moja niliacha kuitoa. Siku ya pili pia. Nikajiambia nimeona nyeupe nyingi kuliko mtengeneza karatasi. Nilikuwa na mazoea ya kuandika herufi P kwa rangi ya kucha, nyekundu, nyuma ya kila televisheni niliyoirekebisha, P ya Peres, na niliiandika kwa majivuno. Mambo yaliendelea hivyo kwa miaka.

Okeyo alikuja wakati huo. Kijana mrefu wa kijiji cha Kisegi, mwenye kucheka kwa pua, alikuwa amemnunulia mama yake televisheni ya inchi thelathini na mbili na hakutaka kumpelekea ikiwa imepakwa.

"Mama Fundi," alisema, "nataka akiangalia kwaya, aone mpaka meno."

Niliirekebisha mbele yake. Nyeupe ilikuwa ya manjano kupita kiasi, hivyo ndivyo nilivyoiona, nikaongeza buluu, nikaongeza tena. Okeyo aliinamisha kichwa. "Si imekuwa baridi kidogo?" akauliza. Nilimwambia kila mtu na kazi yake. Akacheka, akaibeba.

Miezi michache baadaye aliamka, akapiga mswaki, akaanguka mlangoni, akafa. Nilizisikia habari hizo kutoka kwa mkewe, na alipokuja kwangu Okeyo alikuwa ameshazikwa kitambo. Mkewe huyo ni mzaliwa wa Uriri, na kwa wakwe zake Kisegi aliitwa Nyar Uriri, binti wa Uriri, kama tunavyowaita wake kwa jina la kwao. Alisimama kibandani na mfuko mmoja na kidude cha kuhifadhia video.

"Mama Fundi, TV inaweza danganya?"

"Inaweza danganya namna gani?"

"Inaweza toa mtu rangi yenye hakuwa nayo."

Akanieleza kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Mazishi yalipigwa video, kama kawaida. Mama yake Okeyo alikuwa akiiweka kila siku, na pale waombolezaji wanapopita kuutazama mwili, aliisimamisha. Midomo ya mwanawe ilikuwa ya buluu. Uso ulikuwa wa majivu. Watu husema midomo ikiwa buluu mtu amelishwa kitu, na aliyempikia ni nani? Kaka wa marehemu, Ouma, alikuwa ameshafunga nyumba ya Nyar Uriri kwa kufuli. Siku ya Jumapili wangekaa ukoo mzima waamue, na watoto wawili hawakuruhusiwa kuondoka naye. Huko Uriri, kwa kaka yake mwenyewe, Nyar Uriri aliiona video hiyohiyo kwenye televisheni ambayo hakuna fundi aliyewahi kuigusa, na Okeyo alikuwa na rangi yake, ya kahawia, kama amelala.

Nilikasirika. Ninasema wazi. Televisheni ambayo hakuna fundi aliyewahi kuigusa! Nikaichomeka ile video kwenye televisheni yangu ya benchini, niliyoirekebisha mwenyewe. Okeyo akatokea. Niliona uso wa kawaida.

"Huyu yuko sawa," nikamwambia.

"Mama, huyu ni wa buluu. Ni kama ile ya Kisegi kabisa."

Basi nikafungua droo kwa kishindo, nimnyamazishe. Nikatoa karatasi ya Bwana Marwa, nikaishika kando ya kioo, pale hema jeupe la mazishi lilipoonekana. Hema lilikuwa jeupe safi. Karatasi ilikuwa ya manjano.

"Imezeeka hii," nikasema.

Nyar Uriri akafungua mfuko wake, akatoa daftari jipya la mtoto wake, bado lina karatasi ya duka, akachana ukurasa, akanipa. Nikaushika. Ulikuwa wa manjano pia.

"Mama," akasema polepole, "karatasi ni nyeupe. Zote mbili."

Niliketi. Nadhani ndiyo mara pekee niliyoketi kwa hiari yangu katika kibanda kile. Daktari wa macho aliniambia baadaye kwamba ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba huja taratibu, kama mtu anayetazama dunia kupitia chai ya rangi inayokolezwa kila mwezi. Lakini sikuhitaji daktari. Nilikumbuka Okeyo akiinamisha kichwa.

Hesabu ilikuwa rahisi kuliko kutengeneza pasi. Niende Kisegi, niseme mbele ya ukoo kwamba fundi Peres haoni rangi, na baada ya hapo hakuna mtu kutoka Rongo hadi Homa Bay atakayeniletea televisheni. Au ninyamaze, nimrekebishie Nyar Uriri kitu chochote cha kumfariji, na Jumapili ipite. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimwambia nitafikiria. Kwa siku mbili nilifagia kibanda mara tano, nikapanga skrubu kwa ukubwa, nikazichanganya, nikazipanga tena. Nilimgombeza mume wangu kwa sababu ya kijiko. Niliona haya, na haya hiyo haikukaa mahali pamoja, ilitembea nami. Ijumaa niliweka karatasi ya Bwana Marwa ndani ya Biblia isikunjike, nikampigia Nyar Uriri simu tukutane Homa Bay, na kutoka pale tukaenda Kisegi pamoja.

Mama yake Okeyo, ambaye wote humwita Min Okeyo, alinikaribisha kwa sababu ya heshima tu. Nyar Uriri hakukaribishwa. Alisimama nje, karibu na jiko.

"Kaa," Min Okeyo akaniambia. "Lakini kama ni huyo amekutuma, utakunywa chai yangu na urudi."

"Sikutumwa, Mama. Nimekuja kwa sababu ya hii TV."

Ouma akaingia. "Hii TV iko sawa. Si ni wewe uliseti? Okeyo alituambia ati hakuna fundi kama wewe."

Maneno hayo yaliniingia. Nikasimama, maana nikiwa nimeketi siwezi kusema jambo zito.

"Niliiseti vibaya. Macho yangu imeharibika na sikujua. Kitu nyeupe naona manjano, sasa nikaongeza buluu mpaka nikaona nyeupe. Hiyo buluu iko kwa mdomo ya Okeyo ni yangu. Si ya bibi yake."

Kisha Ouma akauliza swali ambalo mimi mwenyewe ningeuliza. "Na tutajuaje saa hii hutaiseti vibaya tena?"

"Hamtajua kwangu. Mimi sitashika. Rimoti ashike Mama."

Tukaiweka video, tukaisimamisha palepale alipozoea kuisimamisha. Nikamuuliza Min Okeyo hema la mazishi lilikuwa la rangi gani siku ile. Nyeupe, akajibu, alilikodi mwenyewe. Na hapa linaonekana vipi? Akatazama hema kwa mara ya kwanza, maana siku zote alikuwa akitazama uso. "Nyeupe," akasema. "Nyeupe ya kufuliwa." Akaenda chumbani, akaleta kitambaa chake cha Sabato kunithibitishia, na kweli kilifanana na hema. Kilifanana kwa sababu kilikuwa kimesuuzwa kwa buluu.

Nikatoa karatasi. Nikaishika kando ya kioo, dirisha likiwa wazi. "Usiangalie mtoto," nikamwambia. "Angalia hema na hii karatasi. Bonyeza hapa mpaka zifanane. Mimi nikisema kitu, usinisikize."

Akabonyeza. Alibonyeza kama anayegusa sufuria ya moto, mara moja, anangoja, mara moja. Sikuona tofauti kubwa. Nilimtazama yeye. Niliona jinsi kidole kilivyosimama.

"Imefanana," akasema.

"Sasa angalia mtoto."

Aliangalia kwa muda mrefu. Ouma naye aliangalia, kisha akatoka nje bila kuaga mtu.

"Ni yeye," Min Okeyo akasema. "Ndiyo rangi yake." Halafu akasema, bila kunigeukia, "Kwa hivyo alikufa tu."

Nilikuwa nimekuja kumwondolea mkwe wake kosa, sikufikiria kwamba ninamwondolea yeye kitu cha kushikilia. Kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe, na nilijua, na yeye alijua, kwamba akibonyeza kurudi nyuma mara nane buluu itarudi na mtu wa kulaumiwa atakuwa amesimama palepale nje. Nilitamani kumnyang'anya ile rimoti. Niliifunga mikono mgongoni.

Akaiweka juu ya stuli.

"Nyar Uriri," akaita. "Mbona unasimama nje kama mgeni? Kuja uone bwana yako."

Aliingia. Mimi nikatoka, kwa kuwa hiyo haikuwa kazi ya fundi. Nje Ouma alikuwa akihangaika na funguo, na moja kati ya hizo alikuwa ameshaitenga na zingine.

Habari zilifika Rongo kabla yangu, kama nilivyotarajia. Jumatatu hakuja mteja. Wiki iliyofuata nilifunga kibanda mwenyewe, nisisubiri kufungiwa. Ninangoja upasuaji, jicho moja kwanza. Wanasema baadaye vitu vitaonekana vya buluu kidogo mpaka nizoee. Nilicheka mbele ya daktari, naye hakujua kwa nini.

Lakini sijatulia. Okeyo hakuwa peke yake. Kuna miaka ambayo sijui ilianzia wapi hasa, na televisheni ambazo sikumbuki zilikwenda kwa nani. Labda mama mmoja anadhani mtoto wake aliye kwenye video ya harusi ni mgonjwa. Labda mtu anatazama picha za baba yake na kuona maiti. Asubuhi nikimaliza chai ninatia karatasi ndani ya Biblia na kutoka, nabisha hodi kwa watu niliowafanyia kazi, na wengi hunishangaa. Siwezi kuwafikia wote kabla miguu haijachoka.

Kwa hiyo mkipokea televisheni yenye herufi P nyekundu nyuma, msiniamini. Tafuteni kitu cheupe ndani ya picha, shikeni karatasi kando yake, na mwiteni mwenye nyumba atazame yeye. Na siku mtakaponikuta mimi mlangoni kwenu na ukurasa wa daftari mkononi, msiniambie niketi. Niambieni tu kama ni nyeupe.